Pikipiki Iliyolala: Kuifufua Nyumbani, Kuanzia Kasese Hadi Bwera

Bodaboda zinazojaa barabara ya Kasese hadi Bwera, magharibi mwa Uganda, siku hizi nyingi ni za India, Bajaj Boxer na TVS. Nyuma ya nyumba za walimu wastaafu, makatekista na mabwana shamba wa zamani kuna ukoo mwingine kabisa: Honda CG125, Yamaha AG100, pengine Suzuki ya kuchanganya oili na petroli. Imeegemezwa ukutani, tairi hazina upepo, kuku wanataga chini ya siti. Wenyewe wanasema imekufa. Nyingi kati ya hizo zinaweza kutembea tena, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika uani kwa spana chache, mradi mtu aanze panapostahili. Wengi huanza na rangi, na hapo ndipo pesa inapopotea.

Honda CG125 inastahili kutajwa peke yake, maana ilibuniwa kwa ajili ya mazingira kama haya. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walizunguka nchi zinazoendelea, zikiwemo Thailand, Iran na Pakistani, wakaona jinsi pikipiki inavyoteswa: mizigo kupita kiasi, oili isiyobadilishwa, vumbi ndani ya chujio. Wakarudi wakatengeneza injini inayovumilia. Badala ya cheni ndefu ya kuzungusha kemu juu ya silinda, waliweka fito mbili zinazosukuma valvu kutoka chini. Chujio la oili ni wavu unaoshwa na kurudishwa. Cheni ya nyuma ikafunikwa yote kuzuia matope. Mashine hiyo ilitoka mwaka 1976, na viwanda vya China vikainakili kwa wingi, kiasi kwamba pikipiki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Uganda na mashariki mwa Kongo zina injini ya ukoo uleule. Ndiyo maana mwenye Honda ya miaka arobaini bado anaweza kupata gasketi, ringi au sahani za klachi, ingawa hana budi kwenda dukani na kipuri cha zamani mkononi akalinganishe. Nakala hazilingani zote, na tundu moja la skrubu likikaa kando kidogo, safari imepotea.

Mji wa Kasese wenyewe ulikua kwa sababu ya chuma na mashine. Reli ilifika mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, na mgodi ule ulihitaji watu wa kukereza, kuchomelea na kufunga nyaya. Uzalishaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na reli haijaona treni kwa miaka mingi, lakini ufundi haufungwi pamoja na mgodi. Bwera nayo ina faida yake. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, upande wa Kongo, na watu wa pande zote mbili, Bakonzo na Banande, husikilizana lugha. Nyuma ya Kasindi kuna Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa hadi China. Kipuri kinachokosekana Kasese, mtu huulizia upande wa pili.

Mpaka huohuo ndio unaofanya karatasi ziwe kazi ya kwanza. Kabla ya kufungua nati hata moja, namba iliyogongwa kwenye fremu na ile ya injini zisuguliwe kwa brashi ya waya, zisomwe, zilinganishwe na kadi ya umiliki. Zikitofautiana, au kadi haipo na aliyeuza haonekani, ni heri kusimama hapo. Pikipiki iliyovuka mpaka bila ushuru haigeuki kuwa halali kwa sababu imeng'arishwa. Iliyokuwa ya marehemu nayo inahitaji wenye urithi wakubaliane mapema, kwa maandishi, wakati bado ni chuma chenye kutu. Ikishaanza kunguruma kila mtu atakumbuka kwamba ilikuwa ya baba.

Halafu injini. Jambo moja lisifanywe kamwe: kuipiga kiki siku ya kwanza ili kusikiliza. Kasese inajua maji. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaingiza matope na mawe majumbani, na mashine iliyopitiwa na maji ya namna hiyo huweza kuwa na mchanga ndani ya silinda. Kiki moja ya nguvu hukwaruza ukuta wake, na hasara ndogo inakuwa kubwa. Njia ya subira ni hii: plagi itolewe, oili kidogo imiminwe kwenye tundu lake, mashine iachwe usiku kucha, kisha gia kubwa iingizwe na gurudumu la nyuma lizungushwe taratibu kwa mkono. Likizunguka bila kukwaruza, kuna tumaini. Oili ya zamani imwagwe iangaliwe: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamo ndani, na injini ifunguliwe kabla ya jaribio lolote.

Pistoni ikipita salama, lililobaki ni cheche na petroli. Plagi hufungwa kwenye waya wake, chuma chake kikagusishwa kwenye injini mbali na petroli, kisha kiki hupigwa. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya njano iliyofifia humpeleka mtu kwenye koili na nyaya, ambazo panya wa stoo wamezipenda. Kabureta huwa imeziba kwa petroli iliyokauka ikawa gundi. Jeti zake, vile vitundu vyembamba, zisafishwe kwa petroli na upepo wa pampu. Wengi huchokoa kwa waya, tundu linapanuka, na pikipiki inakunywa mafuta isivyostahili. Tangi lenye kutu hutiwa changarawe safi na mafuta ya taa, likatikiswa hadi mikono ichoke, likasuuzwa na kukaushwa siku hiyohiyo. Likitoboka, lisipelekwe kwa mchomeleaji na harufu ya petroli ndani yake. Mvuke huo hulipuka na umeshaua watu.

Injini ikiwaka na kutoa moshi wa buluu mfululizo, inachoma oili: ringi zimechoka au silinda imepanuka. Silinda ya CG125 ina upana wa milimita 56.5, na pistoni za kubadilisha huuzwa zikiongezeka kwa robo milimita. Pistoni inunuliwe kwanza, kisha silinda ikachongwe kwa kipimo chake. Hii ndiyo kazi moja isiyofaa kufanyiwa uani. Kwa Yamaha AG100 hesabu ni tofauti kidogo: moshi ni kawaida yake kwa kuwa inachoma oili pamoja na petroli, lakini pampu ndogo ya oili ikiwa imekufa, pistoni hung'ang'ania silinda barabarani.

Anayeishi huku kwenye miteremko ya Rwenzori anajua kwamba breki ni muhimu kuliko mwendo. Viatu vya breki vya zamani huweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lake lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa mdomo. Tairi iliyopasuka pembeni itupwe hata kama maua yake ni mapya. Mashine iliyowahi kubeba chumvi ya ziwa Katwe ikaguliwe spoku moja moja na chini ya siti, maana chumvi hula chuma kimyakimya. Rangi ije baada ya haya yote.

Ringi mpya zikishaingia, oili ya kwanza imwagwe mapema, baada ya kilomita mia chache, kwani ina unga wa chuma. Safari za mwanzo ziwe fupi, bila abiria, kofia ngumu kichwani. Na oili hiyo chafu iwekwe kwenye dumu apewe anayepaka nguzo kuzuia mchwa. Isimwagwe Nyamwamba wala Lhubiriha. Walio chini ya mto wanachota maji hapo.