Kaya Kumi na Tatu Zilikwenda Wapi?

Ikisiri ya tasnifu inasema asilimia 57.3 ya kaya zilipanda ndengu msimu huo. Sura ya nne ya tasnifu hiyohiyo inasema 59.9. Kiingereza chake ni safi. Programu ya kusahihisha sarufi imeipitia na kuipa alama za juu. Mwandishi ameisoma mpaka macho yamemchoka, msimamizi ameipitia harakaharaka kwa kuwa ana wanafunzi wengine wanaomngoja mlangoni, na nambari hizo mbili bado zimekaa kila moja kwenye ukurasa wake.

Mfano huu nimeutunga, lakini yeyote anayehariri kazi za wanafunzi wa uzamili nchini Kenya ataona ni jambo la kila siku. Tuufuate mpaka mwisho. Mtafiti amelenga kaya 1,200 za Zombe, mashariki mwa Kaunti ya Kitui. Ametumia fomula ya Yamane ya mwaka 1967, ambayo wanafunzi wetu huipenda sana, na kwa kiwango cha makosa cha 0.05 amepata sampuli ya kaya 300. Amepeleka hojaji 300. Zilizorudi zikiwa zimejazwa ni 287, na kati yake 172 zinasema ndengu zilipandwa. Gawanya 172 kwa 300, utapata 57.3. Gawanya kwa 287, utapata 59.9. Ikisiri imetumia idadi aliyoipanga. Sura ya nne imetumia idadi aliyoipata.

Mhariri anayeijua kazi yake hafuti nambari moja na kuibandika nyingine. Anaandika pembeni: "Kaya 13 zilikwenda wapi?" Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Pengine hojaji zilipotea tu. Lakini pengine kaya hizo zilikuwa zimefunga nyumba na kuondoka na mifugo kutafuta malisho, kwa sababu kiangazi kiliwaumiza kuliko majirani zao. Ikiwa ni hivyo, utafiti umewakosa walewale ambao ulipaswa kuwasikia zaidi, na 59.9 inaonyesha hali nzuri kuliko ilivyo. Mwanafunzi akirudi kwenye daftari lake la nyanjani na kuandika aya moja ya kueleza hilo, tasnifu yake imepata nguvu ambayo haitokani na koma wala nukta. Aya hiyo ataiandika yeye. Mhariri hakuwepo nyanjani.

Huo ndio uhariri wa kitaaluma ninaoutetea, nao wengi huuchanganya na kusoma prufu. Kusoma prufu huja mwisho kabisa: kuondoa makosa ya chapa, kupanga namba za kurasa, kuhakikisha kila jina lililotajwa ndani limo kwenye marejeleo. Kabla yake kuna uhariri wa lugha, ambapo sentensi ndefu hukatwa na istilahi moja hutumika kwa maana moja kuanzia sura ya kwanza hadi ya tano. Na kabla ya huo kuna uhariri wa hoja, wa kuuliza kama malengo ya sura ya kwanza yamejibiwa na matokeo ya sura ya nne, na kama mapendekezo ya sura ya tano yametokana na matokeo hayo au yameokotwa kwingine. Mteja akisema "nipigie tu macho," muulize anataka macho ya aina gani. Bei, muda na mipaka ya maadili hutofautiana.

Kuna maswali ambayo huulizwa tu na mtu anayeifahamu nchi inayoandikwa. Vitabu vingi vya Kenya vinaeleza kwamba mvua za Machi hadi Mei ndizo za masika, mvua ndefu, na wanafunzi huinakili kauli hiyo katika maelezo ya eneo la utafiti, kisha wanajenga juu yake. Lakini Ukambani mkulima hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, zinazoitwa fupi. Hizo ndizo huja kwa uhakika zaidi, na hizo ndizo hubeba mbegu nyingi za ndengu, kunde na mtama. Sasa mtafiti akiandika kwamba alikusanya data "baada ya msimu mkuu", akimaanisha Juni, matokeo yake yote kuhusu chakula kilichobaki ghalani yamesimama mahali pabaya. Sentensi ni sahihi kisarufi. Mhariri aliyekulia Kitui au Makueni atasimama hapo na kuuliza. Mhariri wa mbali, hata akiwa hodari wa Kiingereza kiasi gani, anaweza kupita. Mashine haina shamba wala haijawahi kungoja mvua, nayo itakubaliana na kitabu.

Ndiyo maana naona vibaya tunapoamini kwamba msaada bora wa uhariri lazima utoke ng'ambo. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipo Kwa Vonza, hukohuko Kitui, palipokuwa na Taasisi ya Kilimo ya Ukambani, na kilipata hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wahitimu wanaoweza kuifanya kazi hii kwa kujitegemea wako karibu, wengine katika miji midogo kama Zombe. Wanahitaji kompyuta, bando la intaneti, umeme usiokatika ovyo, na M-Pesa ya kupokelea malipo. Zaidi ya hayo wanahitaji kutambuliwa kuwa wanafanya taaluma. Uingereza imekuwa na chama cha wahariri na wasoma prufu wa kujitegemea tangu 1988, na leo chama hicho kina hati ya kifalme. Afrika Kusini wana chama chao tangu 1993. Wahariri wa namna hiyo huwa na viwango vya kazi, mafunzo, na mwenzao wa kumuuliza wanapokwama. Sisi pia tunayo asili ya kujivunia katika uhariri: marehemu Henry Chakava aliingia kampuni ya uchapishaji ya Heinemann hapa Nairobi mwaka 1972, akalea vizazi vya waandishi, na mwaka 1992 kampuni hiyo ikawa East African Educational Publishers mikononi mwa Wakenya. Heshima tuliyompa mhariri wa vitabu bado hatujampa anayehariri tasnifu.

Nirudi Zombe, kwa sababu kuna jambo linalonigusa kuliko nambari. Zombe imo ndani ya Bonde la Mui, lenye makaa ya mawe. Bonde hilo limegawanywa vitalu vinne, na cha kwanza, Kitalu A, kinaitwa Zombe–Kabati. Mahali penye madini watafiti hufika: kuhusu ardhi, fidia, hofu ya kuhamishwa, maji. Wakazi huacha kazi zao, huketi chini ya mti na kujibu maswali ya mgeni. Wanaahidiwa kwamba majina yao hayatatajwa.

Sasa fikiria tasnifu inayotimiza ahadi hiyo kwa kuandika "Mhojiwa wa 9", kisha inamweleza kuwa ni mjane wa makamo, mwenye mashine ya kusaga unga karibu na stendi, ambaye kaka yake yumo katika kamati ya ardhi. Jina halimo. Lakini msomaji yeyote wa soko hilo amekwisha kumjua, na amekwisha kusoma alichosema juu ya kamati. Huu ni utovu wa usiri uliojificha ndani ya maandishi mazuri. Hakuna kosa la tahajia hapo. Anayeweza kuliona ni binadamu anayejiuliza, "Je, mama huyu akisomewa ukurasa huu, kesho ataamkaje?" Mhariri humwandikia mwanafunzi: toa kazi yake au toa undugu wake, hoja yako haitapungua. Na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, kwa hiyo suala hili limevuka adabu na kuwa wajibu wa kisheria. Vivyo hivyo, mtafiti asipakie mahojiano yasiyofichwa majina kwenye programu ya akili unde ya bure ili "yasafishwe". Hajui maneno ya mama yule yanahifadhiwa wapi.

Sisemi akili unde haina faida. Hukamata herufi zilizorukwa, hupendekeza sentensi fupi, humsaidia mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu baada ya Kikamba na Kiswahili asione aibu kuanza kuandika. Atumie, na aseme ametumia, kadiri chuo chake kinavyoruhusu. Shida huanza pale mashine inapopewa kazi ya kuhukumu. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wahariri tumezoea kukagua marejeleo moja baada ya jingine, maana programu hizi huweza kutunga makala isiyokuwepo, zikaipa jina la kuaminika, jarida, mwaka na kurasa. Mwaka 2024 jarida moja la kisayansi la kimataifa lilichapisha makala iliyoanza na maneno ya mashine yenyewe, ikimkaribisha mtumiaji kwa utangulizi alioomba. Waandishi, wakaguzi na wachapishaji wote waliyapita. Na kabla ya hapo, mwaka 2021, Guillaume Cabanac na wenzake walionyesha makala nyingi ambazo istilahi zake zilikuwa zimepindwa na programu za kubadilisha maneno ili kukwepa wakaguzi wa wizi wa maandishi, kiasi kwamba saratani ya matiti ilisomeka kama hatari ya kifuani. Kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilitamka mwaka 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi wa makala, kwa sababu haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Naona sababu hiyohiyo inafaa kwa uhariri. Mhariri huweka jina lake, hupigiwa simu, na hujibu.

Lakini binadamu naye anaweza kuharibu, na hapa lazima tusemezane wazi. Kenya inajulikana duniani kwa vijana wasomi wanaoandika insha na tasnifu za wanafunzi wa nchi nyingine kwa malipo. Filamu ya Eloise King ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, akiwasikiliza vijana hao Nairobi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuharamisha huduma hizo nchini England. Siwadharau wanaoifanya, wengi wana shahada na hawana ajira, na akili zao zinawapatia wengine vyeti. Ila kazi hiyo si uhariri, hata tangazo likiita hivyo. Ukiandika sura ya mapitio ambayo mwanafunzi hakuisoma, umemnyima elimu na umemdanganya mtahini. Ukimwandikia pembeni kwamba waandishi wake watatu wanapingana, na kwamba anapaswa kusema anasimama na nani, umemhariri.

Shinikizo ni kubwa. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vilimtaka mwanafunzi wa uzamili awe na makala iliyochapishwa katika jarida lenye wakaguzi, na wa uzamifu awe na mbili. Anayekimbizana na mahafali huvutwa upesi na majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote kwa ada, na huvutwa pia na yeyote anayemwambia "nitakumalizia". Mhariri mwaminifu humkagulia jarida kabla hajalipa, na humwambia ukweli makala ikiwa haijaiva.

Kwa hiyo ukiamua kumtafuta mhariri, fanyeni mambo haya mapema. Mwulize msimamizi wako chuo kinaruhusu nini. Australia ina mwongozo wa kitaifa unaoeleza mhariri wa tasnifu aishie wapi, nasi hapa tungefaidika tukiwa na wetu. Andikianeni, hata kwa ujumbe wa simu, ni kurasa ngapi, kiwango gani cha uhariri, lini itarudi, na malipo kwa awamu. Kataa mhariri anayebadilisha bila kuonyesha alama za mabadiliko. Soma kila pendekezo na ulikatae lisipofaa, maana mbele ya watahini utasimama wewe. Mtaje katika shukrani na useme alifanya nini: lugha, marejeleo, au mpangilio.

Na kama fedha hazitoshi tasnifu nzima, usimpe kurasa za mwanzo kwa kuwa ndizo za kwanza. Mpe ikisiri, sura ya nne na sura ya tano kwa pamoja, na umwombe alinganishe kila nambari na kila hitimisho katika hizo tatu. Hapo ndipo watahini huanzia maswali yao.