Bima ya Maisha: Mtu wa Kipato Kidogo Akate Ipi?



Vijijini kwetu tuna vyama vya kufa na kuzikana. Tuseme chama kina watu 100. Mwenzao akifa, kila mmoja hutoa shilingi 2,000. Jumla ni karibu shilingi 200,000. Sanda hununuliwa, wageni hula, na maiti huzikwa kwa heshima. Hilo ni jambo jema sana. Lakini matanga yakishaanuliwa, nani atanunua madaftari ya watoto mwakani? Nani atalipa deni la mbolea? Chama kimekwisha maliza kazi yake.

Bima ya maisha ni kama chama hicho, ila wanachama wake ni wengi mno, nao hawajuani. Tena hulipa ada kabla ya msiba, si baada yake. Mwenye bima akifa, wale aliowaandika hupewa kiasi kilichotajwa katika mkataba. Kijana hulipa ada ndogo kuliko mzee, kwa kuwa hatari ya kufa kwake ni ndogo. Basi anayengoja mpaka aote mvi atalipa zaidi.

Je, ipi ni nafuu?

Ipo bima ya muda, tuseme miaka 10. Ukifa ndani ya miaka hiyo, jamaa zako hulipwa. Miaka ikiisha ungali hai, hupati kitu. Wengi wakisikia hivyo hununa: "Kumbe fedha yangu imepotea!" Haikupotea. Mlinzi wa ghala la pamba tunamlipa hata kama mwizi hakuja.

Ipo pia bima iliyochanganywa na akiba. Muda ukiisha ungali hai, unapewa fedha. Hii ndiyo mawakala wengi hupenda kuisifu. Lakini kwa fidia ile ile, ada yake ni kubwa zaidi. Tena ukiiacha katika miaka ya mwanzo, unaweza kurudishiwa kidogo sana au usipate kitu. Kwa maoni yangu, mkulima mwenye watoto wadogo na fedha kidogo aanze na bima ya muda. Akiba aiweke katika chama chake cha kuweka na kukopa.

Na hapo chamani kwenu, ulizeni kwanza: mikopo yetu ina bima? Mara nyingi ipo, na ada yake hukatwa katika mkopo wenyewe. Mkopaji akifa, bima hulipa deni lililobaki, na shamba haliguswi. Ulizeni pia bima ya kikundi. Mkataba mmoja wa watu wengi kwa kawaida huwa nafuu kuliko kila mtu kukata wake.

Ninakumbuka mwanakisomo wangu mmoja. Alikata bima iliyochanganywa na akiba, akawa anampa wakala fedha mkononi kila mwezi. Mwaka ule mvua ilikuwa haba, akashindwa kulipa. Hakumwambia mtu. Alipofariki, mkewe aliikuta hati sandukuni. Alikuwa amehitimu kisomo, kwa hiyo akaisoma mwenyewe mbele yangu, taratibu, kidole kikifuata mstari. Akafika pale palipoandikwa kwamba ada isipolipwa kwa muda uliowekwa, mkataba unakoma. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hapa pameandikwa hivi kweli, au nimesoma vibaya?" Alikuwa amesoma sawasawa.

Mkulima hapati mshahara wa mwezi. Kwa hiyo uliza kama unaweza kulipa mara moja kwa mwaka, baada ya kuuza pamba. Usikate bima ya ada ambayo utaiweza mwaka wa neema tu. Uliza pia ukichelewa unapewa siku ngapi. Lipa kwa njia inayoacha ushahidi, na kila stakabadhi itunze. Mwambie mwenzako hati iko wapi. Mimi yangu iko kwenye mkoba pamoja na vyeti vya watoto, na mke wangu anajua.

Katika fomu usifiche ugonjwa. Kampuni ikigundua baadaye, inaweza kukataa kulipa. Andika majina ya warithi yafanane na vyeti vyao. Kama ni watoto wadogo, taja mtu mzima atakayewapokelea.

Kuanzia 1967 bima Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake. Sheria ya 1996 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine. Leo ziko nyingi, na benki nazo huuza bima kama mawakala. Kwa hiyo linganisha bei kwa kampuni mbili au tatu. Wote hao husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, iliyowekwa kwa sheria ya 2009. Wakala akija kijijini, mwombe leseni yake uisome. Akikasirika, mwache aende. Ukiwa na shaka, au kampuni ikikawia kulipa, peleka habari TIRA. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, ofisi yao iko Mwanza.