Je, Wajua? Mvinyo mweupe na nchi isiyo na baridi kali

Ukipanda matatu kutoka Silanga, Kibera, ukaendelea hadi Naivasha, safari ya kama kilomita 90, utafika kwenye Bonde la Ufa ambako hulimwa zabibu za Sauvignon Blanc. Asili ya zabibu hiyo ni Ufaransa. Mvinyo wa huko huitwa Leleshwa, jina la kichaka chenye harufu nzuri ambacho Wamaasai hukijua tangu zamani.

Je, wajua kwamba mzabibu unahitaji kulala? Ufaransa, baridi ya Desemba huupumzisha bila mkulima kufanya lolote. Kwetu karibu na ikweta hakuna majira hayo, hivyo mkulima huukata matawi kwa ukali na kuulazimisha uanze upya. Ndiyo sababu Dodoma, Tanzania, huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka. Huko pia Chenin Blanc, mzaliwa wa bonde la mto Loire, imezoea jua kali na udongo mkavu.

Na mvinyo mweupe wa Ufaransa wa bei nafuu? Sehemu yake hutoka Gascogne, kusini-magharibi, ambako zabibu za Colombard huchanganywa na Ugni Blanc. Zabibu hizo zilipandwa hasa kwa ajili ya kukeneka Armagnac, pombe kali ya eneo hilo. Colombard huleta harufu ya matunda. Ugni Blanc huleta uchachu. Mvinyo huo unywewe ukiwa baridi, pamoja na samaki wa kukaanga.