Umeme au Kompyuta: Shauri la Wazazi wa Bunju

Matokeo ya kidato cha sita yatangazwapo, katika nyumba nyingi za Bunju, Boko na Mabwepande huzuka shauri ambalo, ingawa lina sura ya elimu, kwa hakika ni shauri la mali: kijana aliyefaulu fizikia, kemia na hisabati aombe sayansi ya kompyuta, au aombe uhandisi wa umeme? Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam shahada ya kompyuta huchukua miaka mitatu, na ile ya umeme minne. Na maadamu mkopo wa Bodi ya Mikopo sharti urejeshwe kutoka katika mshahara wa mhitimu, mwaka mmoja wa ziada si jambo dogo kwa mzazi ambaye nyumba yake mwenyewe bado haijapigwa lipu. Daladala itokayo Bunju hupita Tegeta hadi Mwenge, na hapo njia za vijana hawa huachana: wa umeme hushika barabara ya Mlimani, wa kompyuta huendelea Kijitonyama, kwenye kampasi ya chuo hicho inayofundisha kompyuta.

Biashara ya kompyuta nchini ina tarehe ya ajabu. Mwaka 1974 Serikali, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina kuleta hasara, ilipiga marufuku kuingizwa kwa mitambo hiyo, na kwa muda mrefu taaluma hii ikabaki maarifa ya wachache. Leo hali imegeuka kabisa. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na mkongo wa SEACOM ukatua Dar es Salaam mwaka 2009, mabenki, kampuni za simu na idara za Serikali zilianza kuhitaji watu wa programu kwa wingi. Lakini habari hiyo njema imewafikia vijana wote kwa pamoja, na mlango wa ajira ya kwanza sasa una msongamano mkubwa.

Umeme, kinyume chake, haukupata kuwa na shamrashamra, ila kazi yake inapanuka mbele ya macho yetu. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mashine tisa zenye uwezo wa megawati 2,115, ilhali Kidatu, lililokuwa fahari ya taifa, lina megawati 204 tu. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda Dodoma. Nguvu nyingi kiasi hicho haifiki popote pasipo vituo vya kupozea umeme, nyaya za msongo mkubwa na wahandisi wa kuvilinda. Hapa Bunju kwenyewe, ambako kila mwezi nyumba mpya huinuka na visima hudai pampu, fundi wa waya mwenye leseni ya EWURA hakosi ijara. Mhandisi anayejua kukadiria mzigo wa kiwanda au hospitali ndiye hakosi kabisa.

Wala elimu hizi mbili si mahasimu. Mita ya LUKU iliyo ukutani ni chombo cha umeme, lakini tarakimu 20 ambazo mnunuzi huletewa kwa simu ni kazi ya programu, na aliyeitengeneza huduma hiyo hakuweza kuwa mjinga wa upande wowote.

Kwa maoni yangu, mwenye kusitasita achague umeme. Sababu yangu si mshahara, bali ni sheria: mtu hawezi kufanya kazi kwa jina la mhandisi asiposajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na usajili huo hutaka shahada inayotambuliwa pamoja na mazoezi ya kazi chini ya usimamizi. Mlango huo haufunguliwi kwa kujisomea usiku. Uandishi wa programu, kwa upande mwingine, mtu huweza kujifunza hata baada ya chuo, na waajiri wake aghalabu hutazama kazi aliyokwisha itenda kabla ya kuuliza cheti. Mhandisi wa umeme akihamia kwenye programu hupokewa. Mtu wa programu hawezi kuhamia kwenye kituo cha msongo mkubwa bila ya kuanza masomo upya.

Neno hili halimhusu kijana ambaye tangu sekondari huandika programu kwa mapenzi na hisabati yake ni imara kuliko fizikia. Huyo asilazimishwe na baba wala mjomba. Aende Kijitonyama, na mwaka mmoja aliouokoa autumie kazini, chini ya watu waliomtangulia.