Zimwi na ngoma: Kwa nini wimbo ulimwokoa mtoto

Hadithi ya zimwi na ngoma unaikumbuka? Binti anarudi pwani peke yake kufuata kombe alilolisahau. Zimwi linamkamata, linamfungia ndani ya ngoma na kumlazimisha aimbe kila inapopigwa. Kijiji hadi kijiji watu wanacheza tu, zimwi linapewa chakula. Siku wanafika kwao, wazazi wanaitambua sauti.

Somo lake: mtoto anayeteswa husema, ila kwa njia yake. Awe Manyoni, Iramba au Singida mjini, ukiona dalili usiishie kushangaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye taarifa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Au piga 116, ni bure.