Sumaku kwanza, mizani baadaye

Wanunuzi wa chuma chakavu kando ya Kangundo Road, hapa Njiru, huanza na mizani. Mzee niliyemkuta huanza na sumaku. Mkebe wa bia usiposhika anautupa guniani, maana ni alumini ya juzi tu. Ukishika, anauweka kando kwenye beseni la plastiki, hata kama kutu imeufunika wote.

Nilidhani anachezea takataka. Kumbe anachosubiri ni rangi iliyo chini ya ile kutu.

Anasema wengi huua mkebe kwa haraka: wanausugua kwa mchanga au waya wa kuoshea sufuria, na maandishi yanaondoka pamoja na uchafu. Yeye anauosha kwanza kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, kisha anaulaza katika maji yenye asidi ya oksaliki kidogo. Asidi hiyo huinasa kutu na kuiyeyusha, maji yakageuka rangi ya manjano yenye ukijani, huku wino uliochapwa ukibaki. Lakini hauachi humo akaenda zake. Kila mara anauinua, anautazama, anaurudisha. Rangi ya dhahabu hufifia upesi, na ikishafifia hairudi. Ukitoka unasuuzwa kwa maji yenye magadi ya kuokea, unakaushwa papo hapo, kisha unapakwa mafuta membamba ili kutu isirudi. Asidi hiyo ni sumu, kwa hiyo anavaa glavu na kufanyia kazi nje, na watoto hawakaribii beseni.

Umri hausomwi kwenye jina la bia, ananiambia, kwa sababu jina hudumu miaka mingi. “Tazama kifuniko.” Bia ya mkebe ilianza kuuzwa Januari 24, 1935, huko Richmond, Virginia, na kampuni ya Krueger ya Newark. Mikebe ya namna ile ilitobolewa kwa kifaa chenye ncha, ikabaki na matundu ya pembetatu. Pete ya kuvuta na kutupa ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi ya Mmarekani Ermal Fraze, na kile kishikizo kinachobaki kwenye kifuniko kikafuata mwaka 1975. Ubavuni anatafuta mshono: ukiwepo, mkebe uliunganishwa kwa vipande vitatu. Msimbopau unaoanza na 616 ni wa kampuni iliyosajiliwa Kenya, ingawa haukuambii bia ilipikwa wapi. Onyo la afya kwa Kiingereza au Kiswahili linaelekeza kwenye sheria ya pombe ya mwaka 2010.

Mmoja wa mikebe ya mzee ndio unaonisumbua: ni wa chuma, una matundu mawili ya pembetatu, na ulitoka kwenye machimbo ya mawe ya Njiru. Bia ya Kenya, tangu Kenya Breweries ilipoanza mwaka 1922, tumezoea kuiona kwenye chupa inayorudishwa kiwandani. Je, mkebe huo ulifikaje kwenye udongo wa machimbo hayo, na nani aliinywa bia yake? Mzee hana jibu, nami sina. Kwenye mizani, mkebe huo una bei sawa na bati lolote.

Ukikuta mmoja kwenye stoo ya wazazi, usiusugue wala usiuponde. Kwanza tazama kifuniko, upige picha pande zote, na uandike ulikookotwa.