Amepima mara nne, bado hapati usingizi

Mara nyingi huanza hivi. Baba anarudi nyumbani Igowole baada ya wiki kadhaa za kupasua mbao mbali na familia. Ameleta sukari, ameleta viatu vya shule, lakini chakula hakipandi. Usiku anageukia ukutani. Asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya chai, yeye keshaamka, simu mkononi, anasoma dalili.

"Baba watoto, mbona suruali inakudondoka?"

"Kazi tu, mama."

Si kazi. Huko alikokuwa alilala na mwanamke mmoja bila kondomu, usiku mmoja, na tangu hapo kila kipele anakihesabu. Amepima Igowole, hana. Amepima Mafinga, hana. Akapanda basi hadi Iringa mjini, hana. Akachukua kipimo cha kujipima mwenyewe, ukatokea mstari mmoja. Sasa anajiuliza kama vipimo vyenyewe vinaaminika.

Hofu yake ina chanzo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mtu aliyekulia Mufindi hahitaji hata kuambiwa takwimu. Wengi walilelewa na bibi, na kifo wanachokikumbuka ni kile cha kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Picha hiyo ndiyo inayomrudia saa nane za usiku.

Lakini takwimu hizo hizo zina upande wa pili. Iringa, karibu watu 9 kati ya 10 hawana VVU. Na anayeishi navyo akitumia dawa vizuri mpaka virusi vikawa havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Hata kwa asiyetumia dawa, wastani wa hatari ya tendo moja la kawaida kati ya mwanamume na mwanamke ni chini ya mara 1 katika 1,000, ingawa hupanda sana kukiwa na vidonda au magonjwa ya zinaa, au kama huyo mwenza ameambukizwa karibuni. Si ruhusa ya kuchepuka. Ni kwamba usiku mmoja si hukumu.

Sasa turudi kwenye vipimo vyake vinne. Vyote alipima ndani ya wiki tatu za mwanzo.

Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Askari hao huchukua muda kufikia wingi wa kuonekana: kwa vipimo hivi ni kati ya siku 23 na 90 tangu kuambukizwa. Muda huo wahudumu huuita kipindi cha dirisha. Hivyo kipimo cha siku ya tano hakikudanganya, kilitumika kabla ya wakati wake. Kupima mara nne kabla ya siku ya 23 hakumpi mtu uhakika zaidi ya kupima mara moja. Kubadilisha kituo hakusaidii, wala kubadilisha mji.

Kinachosaidia ni tarehe. Ahesabu kuanzia siku ya tukio, aweke alama kwenye kalenda siku ya 90, apime siku hiyo au baada yake. Akikutwa hana, na hapo katikati hakujiweka tena kwenye hatari, jibu ni hilo. Kipimo cha mwezi wa sita hakitaongeza kitu.

Kama tukio ni la jana au juzi, asisubiri dirisha wala basi la Jumatatu. Zipo dawa za kinga, PEP, zinazotakiwa kuanzwa haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kisha kumezwa siku 28. Akitumia dawa hizo, tarehe za kupima atapangiwa na kliniki.

Wapo pia wanaoogopa upande mwingine, kwamba wataambiwa wanavyo kumbe hawana. Ndiyo maana jibu la kipimo kimoja halitoshi kumwambia mtu ameambukizwa. Hurudiwa kwa vipimo vya aina tofauti, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri matokeo matatu mfululizo. Cha kujipima nyumbani kikionyesha mistari miwili, ni tiketi ya kwenda kituoni tu. Na aliye tayari kwenye dawa asijipime "kuona kama amepona": dawa zinaweza kufanya kipimo kisome hana, akaziacha, na virusi vikarudi.

Kwa watoto wachanga kipimo hicho hicho humchanganya bibi na baba pia. Mama anayeishi na VVU humpa mtoto kingamwili zake tumboni, na zinaweza kukaa hadi miezi 18. Mtoto anaweza kusomeka anavyo wakati hana. Ndiyo sababu kliniki huchukua tone la damu kwenye karatasi maalumu akiwa na wiki nne hadi sita, likatafutwe kirusi chenyewe maabara, na kumpima tena mpaka amalize kunyonya.

Tumrudie yule baba, maana bado lipo jambo analolikwepa. Katika zile siku 90, kama kweli ameambukizwa, virusi ni vingi mno mwilini hata kama kipimo kinasema hana. Anayelala pembeni yake yumo hatarini, na akiwa mjamzito au ananyonyesha, mtoto yumo pia. Kwa hiyo kondomu inahitajika ndani ya ndoa, na kondomu ndani ya ndoa itaulizwa maswali.

Hapo ndipo wengi huchagua kusingizia uchovu miezi mitatu mizima. Mama naye huhesabu, hujiuliza amekosa nini, na pengine hukisia kibaya zaidi. Kusema ni kugumu, na yapo majumba yaliyovunjika kwa kusema. Asiyeweza kuanza peke yake anaweza kumwomba mshauri nasaha wa kituo awaite wote wawili. Hiyo ni kazi yao ya kila siku, na siri hubaki chumbani.

Kuna ambao siku ya 90 hupita, jibu ni safi, na usingizi haurudi. Wanapima mwezi unaofuata na mwingine. Hawa hawaumwi VVU, wanaumwa hofu, na mara nyingi chini ya hofu kuna hatia ambayo hakuna kipimo kinachoisoma. Ikifika wiki kadhaa mtu halali, hali, hafanyi kazi, amweleze daktari hivyo hivyo, kwamba tatizo ni hofu. Inatibika.

Wakati huo dalili za kwenye simu ziachwe. Koo kuwasha, jasho la usiku na kukonda huletwa na virusi, lakini huletwa pia na mtu kutolala na kutokula. Zaidi ya hayo, Mufindi mwezi Juni, nani hakohoi?